Tuliandika "Apumzike"

Mkesha wa Pasaka mwaka huu nilisimama safu ya alto, mshumaa mkononi, na macho yangu hayakuwa altareni. Yalikuwa kwa mzee mmoja aliyesimama benchi la tatu kutoka nyuma, karibu na sanamu ya Bikira Maria.

Wakatoliki wenzangu dakika ile mnaijua. Tangu wimbo wa Utukufu wa Alhamisi Kuu kengele hazijalia, kinanda kimekaa kimya. Ijumaa Kuu nzima tumeimba kwa koo tupu. Halafu usiku ule masomo ya Agano la Kale yanakwisha, padre anaanzisha Utukufu, kengele zote zinapigwa kwa pamoja, mishumaa ya altare inawashwa, na kinanda kinafunguka kama mlango uliosukumwa na upepo wa kusi.

Kwa miaka 38 mlango ule aliufungua yeye.

Usiku huo aliufungua kijana wetu mpya, na aliufungua vizuri. Mzee alikuwa amesimama pembeni ya mkewe, ameshika benchi la mbele kwa mikono miwili, kichwa kimeinama. Nikashusha macho mpaka miguuni pake. Kiatu cha kushoto kilikuwa kinatembea: kisigino, ncha, kisigino, ncha. Alikuwa anapiga besi juu ya sakafu, kama vile kanyagio za besi za kinanda ziko chini yake.

Utukufu sikuumaliza. Sauti ilikatika, nikabaki nafungua mdomo tu ili mwalimu wa kwaya asinione.

Wiki nne zikapita. Nikiwa kazini, nikiwa kwenye daladala, nikiwa napika, nilikuwa nakiona kile kiatu.

Barua

Ingekuwa ni huruma peke yake ningeiacha ipoe. Lakini barua ya kumstaafisha niliiandika mimi.

Mimi ni katibu wa kwaya. Novemba, wiki moja baada ya sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, kamati ilikaa. Mwalimu, mpiga kinanda wetu (sisi wote tunamwita Mwalimu, hata paroko), alikuwa ametimiza miaka 72. Jicho la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, na ukurasa alikuwa anausogeza mpaka puani. Vijana walitaka nyimbo za kasi, zenye biti ya ndani ya kinanda, za kurekodia video. Mwalimu kitufe cha biti hajawahi kukigusa. Ilikuwa agenda ya tatu, kati ya sare mpya na michango ya usafiri.

Mjumbe mmoja akasema, "Mzee amefanya kazi kubwa. Sasa apumzike."

Tukaitikia wote. Ni neno lisilo na ubaya wowote. Ukilipinga utaonekana unamtesa mzee wa watu. Nikaliandika kama lilivyosemwa: *Kamati imeona ni vema Mwalimu sasa apumzike.* Januari tukamfanyia Misa ya shukrani, tukampa saa ya ukutani, Mama tukampa kitenge, tukachoma ndafu. Mwalimu aliikata mwenyewe, kipande cha kwanza akampa paroko, akashukuru kwa maneno machache, akaketi.

Hakuna aliyemuuliza kama amechoka.

Kazini alikwisha kustaafu zamani. Alikuwa karani wa mizigo wa reli ya TAZARA, na mwaka 2012 alipofika miaka 60 akaondoka kwa mujibu wa sheria, kama kila mtumishi. Kule tarehe aliijua tangu siku alipoajiriwa. Kwenye kinanda hakukuwa na tarehe. Tarehe tuliitunga sisi, kwa kikao cha saa moja na nusu, na yeye hakuwepo.

Mwezi wa tano nikaamua kwenda kwake kuomba radhi. Nilikuwa pia nimetumwa, na hilo la kutumwa nitalifikia, kwa sababu ndilo lililonitesa zaidi.

Jumanne si siku ya kumpata

Anakaa Kimara, kule juu unakopanda kwa bodaboda kiangazi na kwa miguu masika. Nilifika saa kumi na moja jioni, viatu vimejaa tope jekundu. Nilijiandaa kumkuta barazani amekaa na redio. Nilikuwa nimeshapanga hata sauti nitakayoanza nayo, ile ya upole tunayowasemesha wagonjwa.

Hakuwepo.

"Yuko msibani Mbezi," Mama aliniambia, anachambua mchicha. "Akitoka huko anapitia Kibamba, kuna kigango kinanda chao kimenyamaza. Kaa, mwanangu. Au una haraka?"

Nikakaa. Saa tuliyompa ilikuwa ukutani, inatembea sawasawa. Mezani kulikuwa na kaunta buku limefunguliwa, mistari imepigwa kwa rula. Sikukusudia kusoma, ila maandishi yake ni yale makubwa ya mtu aliyezoea kuona kwa jicho moja, yanasomeka ukiwa mlangoni. *Mazishi, Kinondoni, saa 8.* *Watoto, solfa, saa 10.* *Kibamba: sol ya juu haishuki.* *Ndoa, mazoezi na bibi harusi, wimbo wa kuingilia.* *Kwaya ya Wasabato, waliomba niwasikilize.* *Vingunguti, ngozi.*

Kurasa zilikuwa zimejaa hivyo tangu Februari. Ndafu tuliila Januari.

Alirudi giza limeingia, suruali imekunjwa, mkoba wa vifaa begani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, katibu. Umenisubiri? Jumanne si siku ya kunipata."

Nikafurahi kwa sekunde chache. Nikajiambia: basi hatukumuumiza, mzee ana shughuli zake, dhamiri yangu ilale. Lakini nilikuwa nimeuona mguu. Nikamwambia nilichoendea. Nikasema samahani kwa ile barua, kwamba tungekuja kwanza kukaa na yeye.

Alinawa mikono, akajifuta polepole.

"Ile barua ninayo," akasema. "Imeandikwa vizuri, haina kosa la Kiswahili. Ila neno moja lilinikaa. Apumzike. Hilo, katibu, tunaliandika msalabani."

Mama aliacha kuchambua. Mimi nilitazama sakafu.

Nimeishi na Kiswahili tangu nizaliwe, nimeandika matangazo ya misiba ya kwaya yetu yasiyo na idadi, na sikuwa nimelisikia. Yeye alilisikia mara moja tu, pale liliposomwa mbele ya waumini, na mkewe amekaa pembeni.

"Yamekwisha," akasema. "Kula."

Do ya waliolia

Nilirudi wiki iliyofuata, kisha nyingine. Nilijipa sababu kwamba naandika, na kweli nilikuwa naandika, lakini nilitaka kuelewa kwa nini mtu aliyeondolewa kwenye kinanda amekuwa na kazi nyingi kuliko alipokuwa nacho.

Jibu la kwanza nilijipa mwenyewe, na nadhani wengi mngejipa hilohilo: anakimbia. Ameumia, anajaza siku ili asikae na maumivu. Nimewaona wastaafu wa namna hiyo, kila asubuhi wamevaa, wanatoka, hawajui wanakwenda wapi.

Kisha nikafuatana naye msibani.

Misiba mingi huzikwa siku za kazi. Vijana wetu wa kwaya wako ofisini, wako dukani, wako chuoni. Anayepatikana Jumatano saa nane mchana ni mstaafu. Hilo nililitegemea. Ambalo sikulitegemea ni kazi yenyewe. Makaburini hapigi kinanda. Anasimama nyuma ya akina mama wa jumuiya, na kabla ya wimbo anawapa do, ile sauti ya msingi ya kuanzia, kwa mdomo, chini chini. Basi.

Nilimuuliza mbona do yake iko chini hivyo. Wimbo ule kanisani tunauimba juu zaidi.

"Hawa wamelia tangu juzi," akaniambia. "Mtu aliyelia sauti inashuka. Nikiwapa do ya Jumapili wataimba ubeti wa kwanza, wa pili watapasuka, wafiwa watabaki peke yao. Nawashushia toni mbili. Kama marehemu ni mtoto, nashusha zaidi."

Nimeimba misibani miaka 20. Kuna mazishi ambayo wimbo ulitufia katikati, tukadhani ni uchungu. Sasa sijui ni mara ngapi ilikuwa uchungu na ni mara ngapi ilikuwa do iliyopandishwa mno na mtu kama mimi.

Siku ile tulirudi kwa basi la mwendokasi, tumesimama, mvua inapiga vioo. Nikamuuliza nani anamlipa. Akasema nauli wengine wanampa. Wengine wanasahau, maana msibani mtu ana mengi kichwani. Nikapandwa na hasira ambayo mpaka leo sijaishusha, na ninaiandika hapa wazi. Kwaya zetu zina fungu la spika, fungu la sare tatu kwa mwaka, fungu la mpiga picha. Mtu anayetoka Kimara kwa nauli yake kwenda kuwashushia do watu asiowajua hana hata mstari kwenye bajeti. Sisi tulimpa saa ya ukutani. Wanakwaya mnaosoma, wekeni mstari huo. Elfu kumi haitaua kwaya.

Ngozi ya Vingunguti

Nyuma ya nyumba kuna kibanda cha mabati, na ndani yake nilikuta vinanda 3 vya kukanyaga na vya umeme sikuhesabu.

Ambao hamjawahi kuviona: kinanda cha kukanyaga kina kanyagio mbili chini, unazisukuma kwa zamu, mivukuto inavuta hewa, na hewa inapita kwenye vijiulimi vya shaba vinavyotetemeka. Kila sauti ina ulimi wake. Hakihitaji umeme. Ndiyo maana vigango vingi havikuvitupa, umeme ukikatika Misa inaendelea. Adui wake ni Dar es Salaam yenyewe. Masika mbao zinavimba na vitufe vinagandana. Kiangazi mbao zinasinyaa na hewa inavuja. Panya wanakula kitambaa cha mivukuto. Chumvi ya bahari inaota kijani kwenye shaba.

Mwalimu ngozi ya mbuzi anainunua Vingunguti, karibu na machinjio, anailainisha mwenyewe mpaka inakunjika kama leso, anaigandisha kwenye pembe za mivukuto pale kitambaa kinapochanika kila mara. Vinanda vya umeme shida yake ni nyingine. Chini ya kila kitufe kuna kampira chenye doa jeusi la kaboni, jasho na vumbi vikikaa pale kitufe kinakuwa kiziwi. Anavifungua, anasafisha kwa spiriti na pamba, kimoja kimoja, 61. Kapasita anafuata Kariakoo. Nilimkuta siku moja ametoa kiota cha mende ndani ya kinanda cha parokia fulani, amekiweka juu ya gazeti, anakisikitikia kinanda kama daktari.

Amejifunza wapi? Kwao ni Songea, kigango kimoja nje ya Peramiho. Kazi yake ya kwanza kwenye kinanda ilikuwa kushika nafasi ya miguu tu. Mpiga kinanda wao alikuwa mzee mwenye mguu mbovu, akipiga kwa mikono, na mtoto anachuchumaa chini anazisukuma kanyagio kwa viganja. Yule mtoto ndiye Mwalimu. Alikuwa mtumikiaji wa Misa kwa Kilatini, majibu yote kichwani bila kuelewa hata moja. Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa letu, ukapitisha hati ya liturujia, iliyofungua mlango wa lugha za watu, na ambayo humo humo imeagiza kinanda cha mabomba kiheshimiwe sana, na vyombo vingine navyo vipokelewe vikifaa. Miaka michache baadaye pale kigangoni wakaanza kuimba Kiswahili. Kisha ikaja ngoma, ikaja kayamba.

Kuna watu wanaodhani alikuwa mpinzani wa ngoma. Nilikuwepo, hakuwa. Alimwomba mpiga ngoma akae kulia kwake ili auone mkono wake. Alichokikataa ni biti ya mashine, na sababu yake ninaikumbuka toka nikiwa binti: biti haiwezi kumsubiri bibi anayechelewa na ubeti.

Nafasi tupu

Alhamisi saa kumi watoto wanakuja. Wako 9. Wanakaa mkekani, vidaftari magotini.

Anawafundisha solfa, kusoma wimbo kwa do, re, mi, kabla hajawaruhusu kugusa kinanda. Siku niliyokuwepo aliwasimulia kwamba mfumo huu John Curwen, mchungaji wa Uingereza, aliueneza duniani karne ya 19, lakini aliuchukua kwa mwalimu mwanamke wa mji wa Norwich, Sarah Glover, aliyekuwa anafundisha watoto kuimba. Binti mmoja wa miaka 13, mrefu, magoti yamemzidi sketi ya shule, aliinua kichwa akauliza, "Mwanamke?" Akaandika.

Somo lenyewe lilikuwa juu ya kitu ambacho wengi tunakikosea. Kwenye solfa, ukiona kistari, maana yake endeleza sauti uliyokuwa nayo. Ukiona nafasi tupu kati ya alama mbili, nyamaza. Hakuna alama ya kunyamaza. Pametupu tu.

Watoto walikuwa wanaziruka. Wakifika penye nafasi tupu wanakimbilia noti inayofuata.

"Mmekula pigo mbili," akawaambia. "Zirudisheni."

Wakaimba tena. Wakaziruka tena.

"Pale hapakusahauliwa," akasema. "Aliyeandika aliziacha makusudi. Zihesabu kama unavyohesabu zilizoandikwa. Moja, mbili, ingia."

Waliimba mara 11, nilihesabu. Yule binti ndiye aliyepata wa kwanza, macho amefumba, kidole kinagonga goti.

Ijumaa moja aliwapanga watatu wakubwa, wakapanda mwendokasi mpaka Kivukoni, wakatembea kandokando ya bandari. Akawaonyesha Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na Wajerumani na kukamilika 1902, kisha wakaenda hatua chache kwa jirani zetu Walutheri, Azania Front, ambao wana kinanda cha mabomba. Akawaeleza kwamba bomba la futi 8 ni karibu mita mbili na nusu, refu kuliko mlango wa nyumba zao, na ukitaka sauti ishuke ngazi moja nzima ya solfa, kutoka do hadi do, urefu unaurudia mara mbili. Binti aliniambia baadaye kwamba usiku ule alilala anawaza bomba lililorefuka mpaka likatoka paani.

Hapo jibu langu la kwanza likaanza kuanguka. Mtu anayekimbia maumivu hapati subira ya kurudia pigo mbili mara 11.

Nilichotumwa

Sasa niseme.

Kijana wetu mpiga kinanda alipata kazi Dodoma, anaondoka mwisho wa Juni. Mbadala hayupo. Kamati ikakaa, na mjumbe yule yule aliyesema apumzike akasema, "Katibu, nenda wewe kwa Mwalimu, anakusikiliza. Arudi kwa muda, Misa ya pili tu." Jicho la mtoto wa jicho lilikuwa limeshafanyiwa upasuaji mwezi wa tatu, kila mtu alijua.

Kwa hiyo tangu ile Jumanne ya kwanza nilikuwa na maneno mawili mdomoni, samahani na rudi, na niliona aibu kuyatoa kwa pumzi moja. Nilitoa la kwanza. La pili nilikwenda nalo na kurudi nalo mara tatu.

Sehemu ya moyo wangu ilitaka kumwomba kwa nguvu zote. Ningekifuta kile kiatu. Angekaa tena pale, mgongo wake tunaoujua, tungejisikia tumesahihisha.

Mara ya nne nikasema. Tulikuwa jikoni, mimi na Mama, yeye bado yuko kibandani. Nilitaka Mama anisaidie kumshawishi.

Hakunijibu upesi. Alikuwa anakuna nazi, aliendelea mpaka kifuu kikawa cheupe.

"Tumefunga ndoa 1981," akasema. "Kinanda amekishika 1986. Hesabu wewe. Kila Jumapili, kila Krismasi, kila Pasaka, nimekaa kanisani kama mjane. Watoto wamekua, wameondoka, mimi na benchi langu. Padre akisema mpeane amani, nawapa majirani. Yeye wakati huo anatafuta ukurasa wa Mwanakondoo."

Akakung'uta mbuzi.

"Januari, ile Dominika ya kwanza, padre alisema mpeane amani, nikageukia kulia kama kawaida. Alikuwa kushoto kwangu. Nilikuwa nimesahau kama yupo. Akanishika mkono, akasema, amani iwe nawe, mke wangu."

Sikuwa na la kusema. Katika kikao chetu cha saa moja na nusu, na hata katika majuto yangu yote ya wiki zile, Mama hakuwemo. Nilikuwa nimemhesabu mtu mmoja.

Mwalimu aliingia, akatutazama, akajua. Akavuta kigoda.

"Wamekutuma," akasema.

"Wamenituma."

"Na mimi nilikuwa najiuliza utalisema lini." Akanyamaza kidogo. "Nikwambie kweli. Usiku wa Pasaka niliumia. Miguu ilikuwa inakwenda yenyewe. Nilidhani sitafika mwisho wa Misa. Kisha ikafika amani."

Hakuongeza kitu hapo, na mimi sitaongeza.

Alichukua kaunta buku, akalifungua mbele yangu. Nimeshasema nilikuwa nimelisoma, tena zaidi ya mara moja. Nilikuwa nimesoma maandishi. Safari hii akaweka kidole mwisho wa ukurasa, kulia kabisa. Mistari ya rula ilikuwa saba. Jumatatu mpaka Jumamosi zimejaa mpaka pembezoni. Safu ya saba, nyeupe, tangu Februari, ukurasa kwa ukurasa. Alikuwa anaipiga mistari yake kila wiki, anaiandikia *Dominika* juu, na chini haweki kitu.

"Jumapili hapana," akasema. "Waambie kwa heshima. Lakini wakinipa ufunguo wa kanisa Jumatano na Ijumaa, nitawapa mpiga kinanda. Si mwezi huu. Majilio labda. Na wasimchekee akikosea."

Misa ya pili

Niliporudisha jibu kikaoni kulikuwa na manung'uniko. Mmoja akasema mzee amenuna. Nikasema hapana, nikaeleza kuhusu ufunguo, jambo la Mama nikaliacha kwa sababu halikuwa letu la kuweka kwenye kumbukumbu za kikao. (Ya hapa nimeyaandika kwa ruhusa yake. Alisema, "Andika, labda wapiga kinanda wengine wana wake.") Paroko akasema ufunguo apewe.

Tangu Julai tunaimba Misa ya pili kwa koo tupu, kama Ijumaa Kuu. Mara nyingine parokia jirani inatuazima mtu. Do ninaitoa mimi, na sasa kabla sijaitoa nawatazama watu kwanza.

Majilio hayakungojwa. Dominika iliyopita mwalimu wa kwaya alitangaza kwamba wimbo wa matoleo utakuwa na kinanda. Yule binti wa miaka 13 akapanda, akavua viatu, akavipanga pembeni. Miguu inafika vizuri kwenye kanyagio za besi, ni mrefu kama nilivyosema. Ubeti wa kwanza alikosea noti mbili. Benchi la tatu kutoka nyuma Mwalimu alikuwa amekaa, mikono mapajani, viatu vyote viwili vimetulia sakafuni.

Kabla ya kiitikio cha mwisho wimbo ule una nafasi tupu, pigo nne, kwaya na kinanda pamoja. Sisi huwa tunazila. Kwa miaka yote hii tumezila, hata Mwalimu alishatuachia. Binti aliinua mikono.

Kanisa likanyamaza ghafla, watu na vikapu vyao vya sadaka. Waumini wa mbele waliinua macho juu, kama tunavyofanya wote Dar es Salaam chombo kikikata sauti, kuangalia kama umeme umeondoka.

Mapangaboi yalikuwa yanazunguka.

Akaingia.